Funika Lebo Kwanza: Jinsi Tunavyopima Wiski na Pombe Kali Kibera

Ubishi wa pombe kali katika duka lolote la wines Kibera hauna mwisho, na sababu ni kwamba wabishi hawanywi kitu kimoja. Mmoja anasifu brandi aliyoizamisha ndani ya Coke. Wa pili anaapia vodka, ilhali nusu ya glasi yake ni Stoney Tangawizi. Wa tatu ana Kenya Cane na Krest. Wa nne, ambaye amelipwa wiki hiyo, ameshika wiski ya Scotland iliyojaa barafu na hataki kusikia la mtu. Ukiwasikiliza vizuri, hakuna anayezungumzia pombe. Wanazungumzia soda, barafu na mshahara.

Mimi naupenda ubishi huo, ila nataka uwe na mwamuzi. Ndiyo maana majirani kadhaa hapa Olympic, pamoja na marafiki wanaokuja kutoka Kawangware, tuna desturi ya kuketi Jumapili alasiri, kuchanga pesa, kununua kwota chache, zile chupa ndogo, na kuzipima bila kujua ipi ni ipi. Nitaeleza tunavyofanya ili nawe ufanye, hata kama chumba chako ni futi kumi kwa kumi kama changu. Haya ni ya watu wazima ambao tayari wanakunywa. Kama hunywi, sina neno la kukushawishi uanze.

Anza na chupa unayojua ilikotoka. Kila chupa halali nchini ina stempu ya ushuru ya KRA, na programu ya simu ya KRA inayoitwa Soma Label huisoma na kukuonyesha stempu hiyo ilitolewa kwa kinywaji gani. Usitosheke kuitazama kwa macho, maana stempu nazo hughushiwa. Kisha piga hesabu. Tangu mwisho wa 2024 ushuru wa pombe kali ni shilingi 10 kwa kila sentilita ya kileo halisi. Kwota ya mililita 250 yenye nguvu ya asilimia 40 ina sentilita 10 za kileo halisi, kwa hiyo ushuru peke yake ni shilingi 100, kabla ya chupa, kifuniko, lori, VAT na faida ya mwenye duka. Ukiuziwa kwota ya namna hiyo kwa shilingi 100 au 120, kuna mtu hajalipa ushuru, na asiyelipa ushuru hana sababu ya kukueleza ameweka nini ndani.

Kawangware kuna hatari ya aina yake. Wengi wa pale wanafanya kazi ng'ambo ya barabara tu, Lavington na Kileleshwa: walinzi, watunza bustani, wapishi, akina dada wa nyumbani. Chupa za wiski za bei kubwa zikiisha kule hutoka na takataka zikiwa nzima, na wapo wanaozinunua ili wazijaze tena. Ukipata chupa ya Glenfiddich yenye kifuniko kilicholegea, inayouzwa kwa bei ya brandi ya kawaida, mshukuru muuzaji kisha uende zako. Ukimaliza chupa yako mwenyewe, bandua lebo au ikwaruze kabla ya kuitupa.

Chang'aa, pombe kali ya kienyeji, haiingii kwenye meza yetu, na suala hilo lilituletea mjadala mrefu kuliko chupa yoyote. Tuna rafiki, fundi wa viatu pale soko la Toi, anayeshikilia kwamba chang'aa aliyokuwa akipika nyanya yake huko Siaya ilizishinda wiski zote za Ngong Road. Sikumcheka, kwa kuwa kwa namna moja anasema kweli. Kinachotoka kwenye mitambo ya Scotland siku ya kwanza hakina rangi, kinatokana na nafaka iliyochachuka na kukeneka kwa moto, na sheria ya huko hairuhusu kiitwe wiski mpaka kilale ndani ya pipa la mwaloni angalau miaka 3. Kabla ya hapo ni pombe kali changa ya nafaka. Nyanya wa Siaya akitumia mtama safi, akatupa matone ya kwanza na kuacha ya mwisho, alikuwa akifanya kazi ileile ila bila pipa.

Na si Siaya tu. Mtaa huu wenyewe ulianza na Wanubi, askari wa jeshi la King's African Rifles na familia zao, waliokaa hapa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1918 ardhi hii ikatangazwa kuwa hifadhi ya jeshi. Wakati ule sheria ya mkoloni ilimkataza Mwafrika kunywa pombe kali za dukani, na jini waliyokeneka wanawake wa Kinubi ikapata soko Nairobi nzima, mpaka watawala wakaanza kuulalamikia mtaa huu kwa ajili yake. Ndugu yake wa Uganda ndiye waragi. Uganda ilipitisha sheria mwaka 1965 ya kuwataka wapikaji wauzie kiwanda kazi yao, na hapo ndipo chupa ya Uganda Waragi ilipozaliwa. Kenya tulichukua njia nyingine: marufuku mwaka 1980, kisha sheria ya 2010, ile inayoitwa sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, ikairuhusu chang'aa kwa masharti ya leseni na chupa yenye lebo. Chang'aa ya mtungi na kikombe cha mama pima, yule anayeiuza kwa kipimo, haina leseni wala lebo.

Kwa hiyo fundi nilimjibu hivi: nyanya yako angekuwa hai, akapika mbele yangu, ningeonja. Kikombe cha mtu nisiyemjua, hapana. Mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli, wengi wakiwa watu wa Mukuru. Februari 2024 kijiji cha Kangai, Kirinyaga, kilizika zaidi ya watu 10. Methanoli haina ladha ya kuitambua. Wale wanaowasha kiberiti na kutazama moto wa buluu wanajidanganya, kwa sababu spiriti safi nayo huwaka buluu. Dalili zake hujificha kwa saa nyingi, mara nyingi mpaka kesho yake: kichwa, tumbo, kupumua kwa shida, na macho kuona ukungu. Mtu akianza kuona ukungu baada ya kunywa, usimlaze eti ni hangova. Mpeleke hospitali mara moja, na kwa sisi wa huku hospitali za Mbagathi na Kenyatta ziko karibu. Dawa ipo lakini haingoji.

Sasa twende mezani.

Chagua saa ambayo pua yako iko huru. Kwangu ni alasiri, kabla majirani hawajaanza kukaanga samaki na kabla stovu za mafuta ya taa hazijawashwa, maana harufu ya mafuta ya taa ikiingia chumbani hakuna wiski itakayosikika. Kula ushibe, ila si omena. Marashi yabaki nyumbani kwa mwenyewe, sigara ivutiwe nje, na mwenye muguka shavuni asubiri kikao kingine, kwani ulimi wake umeshakufa ganzi. Jambo lingine ni majirani. Ukuta wa mabati hauzuii kicheko. Mimi sifanyi kikao mwezi wa Ramadhani, kwa sababu jirani zangu wa upande wa Makina wanafunga, na mtaa huu walikuwa nao kabla yangu.

Vikombe vya plastiki vina harufu yake, viache. Glasi nyembamba ya chai inafaa kwa kunusa, lakini raundi ya kwanza sisi hutumia vikombe vya kauri visivyoonyesha kilichomo, kwa kuwa rangi ni mwongo mkubwa. Watu huona kahawia nzito wakafikiri ni uzee. Sheria ya Scotland yenyewe inaruhusu wiski kutiwa rangi ya karameli, na katika pombe za bei nafuu rangi hiyo ni kazi ya kiwandani tu. Soma maandishi madogo ya lebo kabla hujalipa: ukiona neno “flavoured” karibu na neno “whisky” au “brandy”, umeshika spiriti iliyopewa harufu, nayo hatuiweki kwenye mashindano na iliyolala pipani. Inywe ukipenda. Ni mashindano tofauti.

Mtu mmoja anakaa nyuma ya pazia na kumimina. Anabandika herufi chini ya kila kikombe na kuandika kwenye daftari ipi ni ipi, na kazi hiyo huzunguka ili kila mtu apate zamu ya kuonja bila kujua. Kipimo chetu ni kijiko kimoja kikubwa cha chakula, yaani takriban mililita 15. Watu wengine hucheka wakiona kijiko. Lakini vijiko vitano vya pombe ya asilimia 40 vina kileo karibu sawa na chupa moja na nusu ya Tusker, na mtu aliyeshiba huweza kuvimaliza kwa saa mbili bila kupoteza akili za kuhukumu. Ukimimina toti kamili, kufikia kikombe cha nne kila kitu kitakuwa kitamu na kila mtu atakuwa ndugu yako. Wataalamu wa viwandani huonja na kutema. Kutema pombe iliyolipiwa ni jambo ambalo sijaona mtu wa Kibera akikubali, wala silazimishi.

Hatua inayofuata ndiyo muhimu kuliko zote, nayo ndiyo wengi huikataa: tia maji. Kijiko kimoja cha pombe ya asilimia 40, kijiko kimoja cha maji, nguvu inashuka hadi asilimia 20. Hata wachanganyaji wa wiski wa Scotland wanaolipwa kwa pua zao hunusa wiski ikiwa imepunguzwa kiasi hichohicho. Kileo kikiwa kikali pua inaungua na ulimi unaogopa, basi unachosema ni “hii ni kali” au “hii ni laini”, na hapo hujasema lolote juu ya ladha. Wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walionyesha mwaka 2017 kwamba katika wiski iliyopunguzwa maji, kiungo kinachobeba harufu ya moshi hukaa karibu na uso wa kinywaji, pale pua inapokipata. Maji yenyewe yawe ya chupa au yaliyochemshwa. Maji ya mtungi yaliyotiwa WaterGuard ni salama kwa kunywa, ila harufu ya klorini itamaliza kazi yako yote.

Maji pia huondoa udanganyifu mmoja. Konyagi ya Tanzania ina asilimia 35 tu. Mtu akiilinganisha na kitu cha asilimia 40 atasema Konyagi ni laini zaidi, na kumbe ni nyepesi zaidi. Kwa kijiko cha Konyagi tumia robo tatu hivi ya kijiko cha maji, uiweke sawa na wenzake, ndipo uulize swali la ladha.

Funika kikombe kwa kisahani dakika chache. Fungua, nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, pumzika, nusa tena. Onja kidogo, uzungushe mdomoni, umeze, kisha ungoje. Kinachobaki kooni baada ya kumeza ni nusu ya hadithi. Mkate mweupe na maji husafisha ulimi kati ya kikombe na kikombe.

Ukiandika, andika harufu za kwako. Mitandao ya wanywaji wa wiski imejaa maua ya milima ya Scotland na keki za Krismasi ambazo mimi sijawahi kuzinusa. Katika daftari letu kuna sukari guru, mahindi ya kuchoma, ndizi zilizoiva kupita kiasi, mbao mpya ya Gikomba, zabibu kavu, Dettol, chai ya maziwa iliyoungua. Daftari hilo ndilo lililonifundisha jambo ambalo sikulitarajia, kwamba ladha ya mtu hufuata jiko la mama yake kuliko mfuko wake.

Chukua Johnnie Walker Black. Ndani yake kuna wiski zilizotengenezwa kwa shayiri iliyokaushwa juu ya moshi wa udongo mweusi wa kinamasi, na moshi huo husikika hata ukitia maji. Raundi ya kwanza nusu ya meza ilikisukuma kikombe pembeni. Mmoja akasema ni maji ya majivu. Lakini rafiki yetu mlinzi, aliyekulia Kapsabet, alinusa akatabasamu na kusema neno moja: mursik. Maziwa ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa. Mama mmoja anayeuza mitumba Toi, mzaliwa wa kando ya ziwa, akamuunga mkono, kwake ilikuwa ni samaki wa kukaushwa kwa moshi. Wote wawili hawakuwa wamewahi kuinywa bila soda, na wote wawili waliiweka namba moja. Sisi tuliokulia chai ya maziwa na mandazi tulihitaji muda zaidi kuielewa, na wengine hawajaielewa mpaka leo. Hawana kosa.

Jamaa aliyekulia Mumias hutambua muwa hata akiwa na mafua. Kenya Cane na Konyagi zote zina asili ya miwa, naye huzitoa kwenye kundi mara moja kwa ile harufu ya molasi ambayo, anasema, ilikuwa ikijaa hewani kiwanda kikisaga. Kwake hiyo ni harufu ya karo ya shule. Kwangu mimi ni harufu tamu tu, safi, isiyokaa sana. Nikitaka kinywaji cha kuchanganya na soda sioni kwa nini nitumie kitu ghali zaidi ya hicho.

Jack Daniel's ilitugawa kwa sababu ya ndizi. Hutengenezwa zaidi kwa mahindi, huchujwa kwa makaa ya mti wa maple na kulazwa katika mapipa mapya yaliyochomwa ndani, ndiyo maana vanila na mbao hutangulia. Lakini nyuma yake kuna ndizi mbivu, na ukishaambiwa huwezi kuisahau. Wawili wanaipenda kwa hiyo. Mimi inanichosha upesi. Jameson, inayokenekwa mara tatu na isiyo na moshi, ndiyo ambayo karibu kila mtu huiweka ya pili au ya tatu; haimkeri yeyote, na labda hiyo ndiyo siri ya kuonekana kwenye kila meza ya baa Nairobi. Brandi kama Viceroy na Richot zina watu wao waaminifu, hasa wapenda vitu vyenye uzito wa zabibu na tende, nao ni vigumu kuwahamisha. Fundi wa viatu ana kipaji kingine: wiski changa zilizokenekwa kwa haraka huwa na harufu kali ya gundi, na yeye anayeshinda na gundi siku nzima huinasa kabla sisi hatujafungua kisahani vizuri. Tukisikia anacheka, tunajua.

Vodka tuliacha kuipima. Imetengenezwa ili isiwe na ladha, na kupima kitu kisicho na ladha ni kupoteza Jumapili. Jini inahitaji siku yake peke yake, kwani harufu ya mreteni hufunika kila kitu kinachoifuata.

Mezani akitokea mtu anayedai anaijua chupa yake hata gizani, usibishane naye. Mwekee vikombe vitatu: viwili vyenye kitu kimoja, cha tatu kitofauti. Kazi yake ni kutaja kisichofanana na wenzake. Anaweza kubahatisha mara moja, kwani bahati yake ni moja kwa tatu. Mrudishie zoezi hilo mara tatu mfululizo. Kubahatisha zote tatu ni bahati ya moja kwa 27. Nimewaona mashabiki wakubwa wa wiski za bei ya karo wakishindwa raundi ya kwanza, na nimemwona dada wa kuuza mboga, aliyekuja kutuazima chumvi, akipita raundi zote tatu bila kusitasita. Tulimwalika abaki. Alikataa, akasema zote zinanuka dawa.

Tukifungua daftari mwishoni, chupa ya bei ya juu huwa mara chache juu ya orodha ya kila mtu. Wakati mwingine inastahili. Miaka 12 ndani ya pipa hufanya kazi ambayo karameli haiwezi kuigiza, na ulimi ukishazoea hukubali. Ila sehemu kubwa ya pesa unayolipa kule klabu za Ngong Road ni ya muziki, taa na macho ya meza ya jirani. Kama hayo ndiyo unayonunua, sawa, mradi unajua.

Ukitaka kuanza na una pesa za chupa ndogo tatu tu, nunua Kenya Cane, Viceroy 5 na Jameson: muwa, zabibu na nafaka. Mkiwa watu sita, mchango unatosha na kila kwota inabaki na ya raundi nyingine. Baadaye, siku ya mshahara, ingia baa yoyote inayoaminika pale Adams Arcade, agiza toti moja ya Johnnie Walker Black, uombe maji ya chupa badala ya barafu, ujue kama wewe ni mtu wa moshi au la. Ukishapata jibu hilo ndipo ufikirie kununua chupa ya mzinga.